Meli Ikiwa Gatini: Mwongozo kwa Mtu wa Nchi Kavu Anayeihudumia

Watu wakisikia kazi za meli wanawaza baharia tu, jamaa wa ovaroli anapiga rangi au kapteni na darubini yake. Ila meli ikishafika bandarini kuna kundi zima la watu ambao hawalali ndani ya meli hata siku moja na bila wao meli haisogei, haipakui, haipati hata maji ya kunywa. Huu mwongozo ni wa hao, hasa wewe unayeanza kwenye ofisi ya wakala wa meli, maana wakala ndo njia panda, wengine wote wanapitia kwake. Hii kazi ya kupanda meli saa nane za usiku na mafaili kwapani nimeifanya miaka kadhaa, kwa hiyo naandika vile ninavyomwelekeza kijana mpya ofisini.

Kabla ya hatua zenyewe shika jambo moja. Bandarini ndiko mabaharia wanakochoka zaidi, wengi wanadhani ni baharini lakini wapi. Kanuni za STCW, zile za kimataifa za mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, na ule mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, MLC, zinataka mtu apumzike angalau masaa 10 kwa kila masaa 24 na masaa 77 kwa siku 7, na hayo 10 yasikatwe zaidi ya vipande viwili, kimoja kiwe masaa 6 au zaidi. Sasa piga picha kapteni kasimama brijini, kule juu inakoongozwa meli, na rubani wa bandari anayeelekeza meli kuingia, usiku kucha, meli imefunga kamba alfajiri, alafu kwa mpigo wanapanda forodha, uhamiaji, afya, foremani, saveya, muuza mboga, supritendenti na wewe, na kila mmoja anamtaka yeye binafsi. Analala saa ngapi? Ndo maana mi nampima mtu wa nchi kavu kwa swali moja tu: ukishuka ile ngazi, umemwachia kapteni kazi nyingi kuliko ulizomkuta nazo au chache?

Nani ni nani, kwa haraka

Wakala anaiwakilisha meli mbele ya mamlaka zote za bandari na kupanga huduma. Supritendenti wa kiufundi ni mtu wa kampuni ya meli, anashughulika na mashine, matengenezo na bajeti. Port kapteni anakuja kwa ajili ya shehena, jinsi inavyopangwa na kufungwa. Planna anakaa ofisini anachora kontena ipi ikae wapi. Karani wa tali anahesabu mzigo unaoshuka na kupanda, chandla analeta chakula na vifaa, saveya anakagua na kupima, na mwakilishi wa P&I, yaani bima ya dhima ya mwenye meli, anaitwa pakitokea majeruhi, mzigo ulioharibika au mafuta yaliyomwagika. Alafu kuna DPA, nitamrudia huko chini kwa sababu watu wengi jina lake wanaliona tu limebandikwa ukutani kwenye korido ya meli na hawajui kazi yake.

Hatua ya 1: Jua unamfanyia kazi nani

Inaonekana ya kitoto lakini hapa ndo watu wanaumia. Imeili ya uteuzi ikiingia soma vizuri nani kakuteua, mwenye meli au mkodishaji, yaani yule aliyeikodi meli kubebea mzigo. Saa ingine mkodishaji ndo anachagua wakala wa bandari na mwenye meli anaweka wakala wake wa pembeni kulinda maslahi yake, mambo kama kubadilisha krew, vipuri, daktari. Ukichanganya utajikuta unampelekea mkodishaji bili ya daktari wa meno wa fundi wa meli na yeye atakujibu kwa heshima zote kwamba haimhusu.

Baada ya hapo andaa makadirio ya gharama, tunaita PDA, weka kila kitu: ada za bandari, rubani, matagi (zile boti za kuvuta na kusukuma meli), watu wa kamba, usafi, usafiri, ada yako. Omba hela iingie kabla meli haijafika. Sio ubahili, meli ikishaondoka mkono wako wa kudai unakuwa mfupi sana. Na kila unaposaini oda au mkataba kwa niaba ya meli andika wazi kwamba unasaini kama wakala tu kwa niaba ya fulani, mtaje. Kuna watu walisaini majina yao matupu kwenye oda ya matagi alafu mwenye meli akapotea, mwenye matagi akamfuata nani? Aliyesaini.

Hatua ya 2: Kabla meli haijafika

Mwandikie kapteni ujumbe MMOJA. Nasisitiza mmoja. Vijana wanatuma imeili kumi na mbili, asubuhi wanauliza drafti, yaani meli imezama kiasi gani majini, mchana wanauliza orodha ya krew, jioni wanakumbuka taka. Kaa chini, andika kila unachohitaji kwenye ujumbe mmoja wenye namba, na umwambie na wewe vitu anavyohitaji: gati ipi inatarajiwa, ubavu upi utalala gatini, rubani anapandia wapi, redio chaneli ipi, kina cha maji, kuna foleni au hakuna, vizuizi vya pale kama vipo. Ukimpa hivyo bila kuombwa mtaelewana safari nzima.

Makaratasi yenyewe mengi yanatoka kwenye mkataba wa FAL wa 1965, ule uliowekwa kurahisisha shughuli za meli kuingia na kutoka. Kuna fomu zake saba: tamko la jumla, tamko la shehena, tamko la stoo za meli, tamko la vitu binafsi vya krew, orodha ya krew, orodha ya abiria, na manifesti ya mizigo hatari. Ongeza tamko la afya ya baharini, cheti cha usafi wa meli ambacho kinadumu miezi 6, taarifa za usalama chini ya ISPS, kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari, ikiwemo bandari 10 za mwisho meli ilizopita, na taarifa ya taka kama watashusha. Tangu tarehe 1 Januari 2024 nchi wanachama wa FAL zinatakiwa kuwa na dirisha moja la kielektroniki, yaani unaingiza taarifa mara moja kwenye mfumo na mamlaka zote zinachukua humo. Kwa vitendo bado kuna sehemu utaambiwa ingiza kwenye mfumo NA ulete nakala tano zenye muhuri, wewe leta tu usibishane getini.

Orodha ya krew ikague herufi kwa herufi na nakala za pasipoti. Jina la ukoo likikaa mahali pa jina la kwanza, namba moja ya pasipoti ikikosewa, au pasipoti iliyobadilishwa mwezi uliopita na orodha bado ina ile ya zamani, hapo uhamiaji wanasimamisha kila kitu na foleni nzima ya watu iko ofisini kwa kapteni inakutazama wewe.

Kwa mambo ya rubani na matagi unahitaji urefu wa meli, drafti ya mbele na nyuma, urefu kutoka usawa wa maji mpaka ncha ya juu kama kuna daraja au kreni, na kama propela ya mbele ya pembeni inafanya kazi. Usisahau kuuliza urefu kutoka majini mpaka pale rubani anapoingilia, maana ukizidi mita 9 sheria inataka ngazi ya kamba iunganishwe na ngazi ya meli ya pembeni, na hilo linachukua muda kuandaa. Na kama gati iko mtoni kwenye maji baridi mkumbushe planna, meli inazama zaidi kidogo kwenye maji yasiyo na chumvi, drafti ya baharini sio drafti ya pale.

Hatua ya 3: Malizana na saa mapema

Hii ni yetu sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili na sijaiona kwenye kitabu chochote. Meli inatumia saa za 24, kuanzia 0000 mpaka 2359, na baadhi ya ujumbe unakuja kwa saa za UTC, yaani saa moja ya dunia nzima isiyofuata nchi. Wewe kichwani una saa mbili asubuhi, foremani anakupigia anakwambia "winchi imekufa saa nane", ni 1400 au 0200? Kuna usiku nilipigiwa simu mvua imeanza, kazi imesimama, saa mbili. Nilikuwa na usingizi nikaandika 0200 kwenye rekodi. Ilikuwa saa mbili usiku, yaani 2000. Kesho yake kapteni akaiweka rekodi yangu pembeni ya logi buku yake, akaziangalia zote mbili, hakusema kitu, akafunika kalamu. Masaa sita hewa kwenye karatasi ambayo watu wanalipana nayo! Nililazimika kuiandika upya yote na kumtafuta foremani, karani wa tali na ofisa wa zamu ndo ikasainiwa.

Toka siku hiyo nina sheria, mtu akinitajia saa kwa simu namrudishia kwa tarakimu nne, "ishirini sifuri sifuri, tarehe kumi na nne, sawa?" mpaka aseme sawa. Na kila ujumbe kwenda melini nausindikiza na LT kama ni saa za pale au UTC.

Hatua ya 4: Kupanda meli

Vaa kofia ngumu, viatu vya usalama, vesti inayong'aa, na boya la kujiokoa kama unapandia kwenye boti. Usipite chini ya mzigo unaoning'inia hata kama ni njia ya mkato ya hatua tano. Angalia ngazi kabla hujakanyaga: kuna wavu chini? imefungwa vizuri? maji yanapopanda na kushuka inabadilika mwinamo, na usiku ikiwa na mafuta ya mashine inateleza kama sabuni. Mkono mmoja kwenye kamba kila wakati, begi mgongoni sio mkononi.

Juu utamkuta baharia wa zamu. Msalimie, toa kitambulisho, saini kitabu cha wageni, chukua beji. Kuna mawakala wanapita pale kama wanaingia kwao, "we know each other my friend", usifanye hivyo, yule kijana akikuruhusu bila kusaini na mkaguzi akaona, anayeandikwa ni yeye. ISPS ilianza tarehe 1 Julai 2004 na bado hilo la mgeni asiyesainishwa wakaguzi wanalikuta.

Ukishaingia ofisi ya meli jambo la kwanza ni kibali cha afya. Meli inapandisha bendera ya njano, ile ya herufi Q, kusema nina afya njema naomba kuruhusiwa, na mpaka kibali kitoke hakuna wa kushuka wala kupanda zaidi ya walioruhusiwa. Bandari nyingi siku hizi zinatoa kibali kwa njia ya elektroniki kabla meli haijafunga kamba, kama yako ni mojawapo kimbiza hilo mapema.

Hapa pana kazi ya adabu ambayo haiandikwi popote: panga watu. Ongea na maofisa mlangoni, waingie pamoja, wakae meza moja, wewe uwe umeshazitenganisha nakala za kila mmoja na muhuri wa meli uko mezani. Kikao cha masaa mawili kinakwisha kwa dakika 40. Kapteni akiona hivyo atakupa kahawa bila kuuliza, na sukari.

Na lile la sigara. Kuna sehemu ofisa anamaliza kusaini alafu anakaa tu, anatazama kabati. Usiwe wewe wa kumwambia kapteni "toa katoni mbili yaishe". Kampuni nyingi za meli zina sera ya kukataa kabisa na kuna mtandao wao, MACN, ulioanzishwa 2011 kwa ajili ya hilo hilo. Kazi yako ni kusimama katikati: uliza kwa upole ni ada gani, iko kwenye kifungu gani, risiti inatolewa wapi. Mara nyingi swali la risiti linatosha.

Hatua ya 5: NOR na SOF, hapa ndo pesa ilipo

NOR ni notisi ya utayari, kapteni anasema meli imefika na iko tayari kupakia au kupakua. Kuanzia hapo, kwa masharti ya mkataba wa kukodi, muda unaanza kuhesabiwa. Mkodishaji ana muda wake wa bure wa kupakua, akiuzidisha analipa demereji, yaani fidia ya kuichelewesha meli, kwa kila siku, akiuokoa saa ingine analipwa yeye.

Tuchukue mkataba wa GENCON wa 1994 ambao unatumika sana. Unasema NOR ikitolewa mpaka saa 12:00 mchana, muda unaanza 13:00. Ikitolewa baada ya 12:00, ndani ya saa za ofisi, muda unaanza 06:00 ya siku ya kazi inayofuata. Sasa kapteni katuma NOR 11:50, wewe uko kwenye daladala ya mawazo yako, umeifungua 12:10 na ukaandika imepokelewa 12:10. Dakika ishirini tu hizo. Lakini ukihesabu kutoka 13:00 leo mpaka 06:00 kesho ni masaa 17, na tuseme demereji ni dola 24,000 kwa siku, hizo ni dola 17,000 zimehama mfuko mmoja kwenda mwingine kwa sababu ya saa uliyoiandika. Kwa hiyo andika saa iliyotolewa na saa iliyopokelewa kama zilivyo, zote mbili, na usikubali mtu yeyote, mwenye meli wala mkodishaji, akuombe uisogeze kidogo. Kama hukubaliani nayo au huna uhakika, pokea kwa kuandika kwamba umepokea tu, kukubali ni suala la mkataba. Wenyewe watagombana na wanasheria wao.

SOF ni rekodi ya matukio: meli imefika eneo la kusubiri, imetia nanga, rubani kapanda, kamba ya kwanza, imefunga kabisa, kibali cha afya, holdi (zile ghala za mzigo ndani ya meli) zimefunguliwa, kazi imeanza, mvua imeanza, mvua imeisha, winchi imeharibika, zamu imebadilishwa, kazi imekwisha, hati zimeletwa, rubani kapanda, kamba ya mwisho. Iandike KILA SIKU. Anayesubiri siku ya mwisho aijaze yote ataanza kubuni, na ofisa wa zamu ana logi yake inayosema vingine. Na uandike ukweli mkavu, "0940 hadi 1115 kazi imesimama, mvua, holdi zote zimefungwa". Usiandike "kazi imechelewa kwa uzembe wa makuli", hiyo ni hukumu, ya kwako ni saa na tukio. Kapteni akisaini na maandishi ya kupinga mwache aandike, ni haki yake.

Hatua ya 6: Meli ikiwa gatini

Hapa mambo yanakuja yote kwa pamoja na hayana mpangilio, nitagusa yale yanayoleta shida.

Shehena. Pita holdini kila zamu hata dakika kumi, usiendeshe operesheni kwa simu. Makuli wakigonga reli au ngazi ya holdi hakikisha ripoti ya uharibifu inaandikwa na kusainiwa na foremani zamu ile ile, baada ya siku mbili hakuna atakayekumbuka nani aliligonga. Kwa kontena, tangu 1 Julai 2016 hakuna kontena yenye mzigo kupakiwa bila uzito uliothibitishwa, ile VGM, kwa hiyo mteja akikwambia "pakia tu uzito nitakutumia jioni" jibu ni hapana, akasirike tu.

Mafuta. Chifu injinia atakuwa na presha siku hii kuliko zote. Boti ya mafuta ikija tanki za pande zote mbili zipimwe kabla na baada, na joto lirekodiwe kwa sababu mafuta yakipata moto yanavimba, lita zinaongezeka bila tani kuongezeka. Kuna mchezo wa kupuliza hewa ndani ya mafuta, wenyewe wanaita kapuchino kwa yale mapovu, unapima unaona tanki limejaa, kesho yake limeshuka lenyewe. Hati ya kupokelea mafuta inatunzwa melini miaka 3, sampuli rasmi iliyopigwa lakiri inatunzwa mpaka mafuta yamekaribia kuisha na isipungue miezi 12. Salfa isizidi asilimia 0.50 tangu 1 Januari 2020, na 0.10 kwenye maeneo maalum ya kudhibiti hewa chafu, labda meli iwe na mtambo wa kusafisha moshi. Kazi yako wewe wakala sio kupima, ni kuhakikisha boti haiji saa ile ile ambayo supritendenti kapanga zoezi la mashua ya kuokolea na chandla kaleta pallet nane za chakula, maana hao wote wanategemea watu wale wale watano wa dekini.

Vipuri. Vikija kwa ndege hakikisha hati ya ndege ina jina la meli na maandishi kwamba ni vipuri vya meli iliyo safarini. Bila hivyo forodha wanaviona kama bidhaa ya kuingiza nchini, vinakaa ghalani, meli inaondoka, na wewe unabaki na pampu yenye uzito wa ng'ombe ambayo mwenyewe yuko bahari nyingine.

Kubadilisha krew. Mshushe mtu baada ya mbadala wake kuwa amepanda, sio kabla. Meli ina cheti cha idadi ya chini ya wafanyakazi, ukimwondoa ofisa wa pili na mwenzake amekwama uwanja wa ndege wa kuunganishia, meli haiondoki. Kagua mapema viza, kitabu cha baharia, cheti cha afya ambacho kikawaida hakizidi miaka 2, na vyeti vya STCW. Pasipoti ukizipokea kwa kapteni zihesabu mbele yake na mpe karatasi ya kupokea. Tiketi ya kurudi usiikate masaa matatu baada ya muda wa meli kufika, meli ikikosa rubani kidogo tu umeshachoma tiketi. Na mtu anayeshuka baada ya miezi tisa mletee gari lenye nafasi ya mabegi, namaanisha, wanashuka na vitu! Mwaka 2020 kwenye korona IMO, shirika la kimataifa la mambo ya bahari, ilikadiria mabaharia karibu 400,000 walikwama melini wakiwa wameshamaliza mikataba, waliokuwa wanafanya kazi hii kipindi kile wanajua ilivyokuwa kumpigia mtu simu kumwambia tena, sio mwezi huu.

Mgonjwa. MLC inampa baharia haki ya kumwona daktari au daktari wa meno bandarini bila kucheleweshwa pale inapowezekana. Nimeona jino likiahirishwa bandari tatu kwa sababu kila wakala aliona meli inakaa muda mfupi. Lile jino likawa uvimbe wa shavu zima na mwishowe mtu alishushwa na kurudishwa kwao, gharama mara ishirini. Ukipata ombi, weka miadi kabla meli haijafika, nenda naye au mtume mtu anayeongea lugha yake, baki pale, rudi naye na ripoti ya daktari ndani ya bahasha iliyofungwa ya kumpa kapteni. Ugonjwa wa mtu sio stori ya ofisini.

Kushuka kutembea. Mabaharia watakuuliza vitu vitatu: laini ya simu yenye bando, duka liko wapi, gari la kwenda na kurudi. Kama kuna kituo cha mabaharia wape namba. Andaa hivyo kwenye karatasi moja ibandikwe messi, chumba cha kulia cha krew, usimfanye kapteni kuwa ofisi ya utalii.

Mkaguzi wa serikali ya bandari, PSC. Akija usimzunguke zunguke. Ripoti yake ina namba za msimbo kwa kila kasoro, ukiona 17 maana yake hilo lirekebishwe kabla ya kuondoka, ukiona 30 meli imezuiliwa. Hapo hapo mpigie mwenye meli, tafuta fundi, tafuta saveya wa klasi, yaani wa taasisi inayoikagua meli na kuipa vyeti, na umtaarifu wa gati kwamba muda wa kuondoka umebadilika, matagi yaliyokodiwa bure nayo ni hela.

Hatua ya 7: Kukiharibika

Tarehe 6 Machi 1987 feri ya Herald of Free Enterprise iliondoka Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya mbele ikiwa wazi, ikapinduka ndani ya dakika chache, watu 193 wakafa. Uchunguzi haukuishia kwa baharia aliyelala badala ya kufunga milango, ulipanda mpaka ofisi za nchi kavu, ambako makapteni walishaomba taa ya kuonyesha kama mlango umefungwa na wakapuuzwa. Kutokana na mambo kama hayo ikaja ISM, kanuni za kusimamia usalama wa meli, ikawa lazima kuanzia 1 Julai 1998 kwa meli za abiria, matenka na baadhi ya nyingine, na 1 Julai 2002 kwa zilizobaki. Ndani yake yupo huyo DPA niliyemtaja, mtu wa nchi kavu mwenye njia ya moja kwa moja kwa bosi wa juu kabisa wa kampuni. Baharia yeyote anaweza kumpigia, hahitaji ruhusa ya kapteni. Kwa hiyo baharia akikuvuta pembeni akakwambia ngazi ya rubani imeoza na hakuna anayesikia, usimwambie "ongea na kapteni wako" ukaondoka. Mwonyeshe ile namba ukutani.

Mtu akiumia au mafuta yakimwagika, mpangilio ni huu: okoa maisha na zuia kwanza, taarifu mamlaka kwa muda unaotakiwa, mpigie mwenye meli, mwite mwakilishi wa P&I. Piga picha, andika saa. Usisaini barua yoyote ya kukubali kosa kwa niaba ya meli hata kama mtu wa gati amekasirika na kashika kalamu anakungoja. Na hakuna kuingia tanki au holdi iliyofungwa kumfuata mtu aliyeanguka, hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21, mle ndani kutu peke yake inaweza kuila, anayeingia kuokoa bila kifaa cha kupumulia anakuwa maiti wa pili.

Hatua ya 8: Kuondoka

Anza kuondoka mapema kuliko unavyofikiri. Masaa 12 kabla, hakiki rubani, matagi, watu wa kamba. Masaa 4 kabla, hati ya kibali cha kuondoka iwe mkononi, kwa sababu bandari inayofuata wataiuliza kabla ya kitu kingine. Rudisha vyeti vyote halisi vya meli na uhesabu mbele ya kapteni kama ulivyohesabu wakati wa kuchukua. Hati za shehena zisainiwe kulingana na kilichopakiwa, na kama mzigo ulikuja na kutu au umelowa isiandikwe safi kwa sababu mpakiaji analia. Hesabu watu: kila makuli kashuka, kila baharia kapanda. Nilishuhudia fundi wa friji akisafiri na meli bila kupenda kwa sababu alilala kwenye chumba cha injini, walimrudisha na boti ya rubani, alikuwa kijani.

Kamba ya mwisho ikitoka tuma ujumbe wa kuondoka: saa ya kamba ya mwisho, saa rubani aliposhuka, drafti ya mbele na nyuma, mafuta na maji yaliyobaki, bandari ijayo na muda wa kufika. Tuma kwa mwenye meli, mkodishaji na wakala wa bandari inayofuata. Huyo wa bandari ijayo mwandikie na yale ambayo hayapo kwenye fomu, kwamba chifu kuki anasubiri majibu ya kipimo, kwamba pasipoti ya fundi wa umeme inaisha baada ya miezi minne, kwamba kapteni ana siku mbili hajalala vizuri na anapenda imeili fupi.

Alafu kaa na zile risiti. Hesabu ya mwisho, FDA, itoke mapema, kila mstari uwe na vocha yake, na tofauti na makadirio ueleze kwa sentensi moja moja. Hela ikizidi irudishe bila kuulizwa. Ukimaliza fungua faili jipya, maana kwenye inboksi kuna uteuzi mwingine umeingia tangu 0310, wanataka makadirio kabla ya 0900 LT, na ni zile 0900 za saa tatu asubuhi, sio nyingine.